Sanduku la Jirani Juu ya Mzinga Wangu

Mpendwa mshauri Zipporah,

Pokea salamu nyingi kutoka Kitengela, na kabla sijafika mbali naomba unijibu haraka, maana Jumamosi hii wazee wanakuja shambani kwangu, na pia nakuomba sana usichapishe jina langu kwa sababu mimi ni mtu anayejulikana hapa mjini, nasimamia duka la vifaa vya ujenzi, ni mwenyekiti wa umoja wa wanaume kanisani kwetu, na wengi wananifahamu kama yule mfugaji nyuki wa kisasa, wengine hata wananiita Profesa ingawa mimi sikuwaomba.

Mimi ni Mkamba na kwetu nyuki si mchezo, babu yangu alikuwa na mizinga ya magogo mingi mpaka mingine akasahau aliitundika mti gani, lakini mimi nilitaka mambo ya kisasa, kwa hivyo tulipopata kashamba ketu upande wa Kajiado nikaweka mzinga wa masanduku, ule ambao chini kuna chumba cha malkia na watoto wake, halafu juu unaweka sanduku la asali, likijaa unaongeza lingine juu yake kama ghorofa. Nilianza na mzinga mmoja ili niufanyie utafiti vizuri. Masanduku ya kuongeza nilitengenezewa na fundi mzuri sana, nikayapaka rangi ya maziwa, nikapitisha vanishi, na kila moja nikaliandika MAUNDU kwa herufi kubwa nyekundu ili yasiibwe.

Sasa msimu wetu wa kwanza ulikuwa wa kiangazi kikali, ng'ombe wa majirani walikuwa wamebaki mifupa, na wale nyuki walichukua zaidi ya nusu mwaka kujaza sanduku moja tu, na mimi nikaliweka hilo akilini, kwamba nyuki ni mdudu wa polepole, sanduku moja ni nusu mwaka, na jambo hilo nimewafundisha wengi. Yale masanduku mengine singeweza kuyaacha shambani yaliwe na mchwa, nikayaleta nyumbani, nikayapanga sebuleni, TV ikakaa juu yake, na lazima niseme yalipendeza, mgeni akiingia kitu cha kwanza anauliza hiyo ni nini, na hapo ndipo mimi napata nafasi ya kumwelimisha.

Mwaka huu mvua ilinyesha vizuri, ardhi ya Kajiado ikawa kijani mpaka mtu unashangaa, migunga ikachanua, na mke wangu Phylis, ambaye ndiye huenda shambani kila Jumamosi kwa sababu mimi Jumamosi niko dukani na Jumapili niko kanisani, akaanza kunisumbua juu ya masanduku. Siku ya kwanza alinisumbua mbele ya wanaume wa umoja wetu, tukiwa tumekaa tukingoja mpira uanze.

“Baba Roy, migunga yote imechanua,” akasema. “Ile sanduku iko shamba iko karibu kujaa. Hebu tutoe TV hapo nipeleke zingine.”

“Hiyo si tumeiweka juzi? Nusu mwaka, Mama Roy. Nusu mwaka.”

“Hiyo ilikuwa kiangazi. Saa hii kuna maua. Enda uinue hiyo sanduku uone kama hutaumia mgongo.”

“Kwani nyuki wamekuwa wapangaji, niende niwatafutie bedsita?”

Wanaume walicheka sana, mmoja mpaka akamwaga chai, na mimi nikadhani mambo yameisha. Lakini alirudia tena wiki hiyo, na wiki iliyofuata akarudia, nikamwambia ligi ikiisha tutaangalia, kwa sababu hiyo TV ni kubwa, ukiitoa hapo utaiweka wapi.

Basi siku moja nikaamua kufika shambani bila kumwambia mtu, nilitaka kurekodi video ya kufundisha, na huko, mshauri, ndiko moyo wangu ulikovunjika, kwa maana nilikuta juu ya mzinga wangu kumewekwa sanduku ambalo si langu. Halina rangi. Mbao tupu. Na ubavuni limechomwa herufi W kwa chuma cha moto.

Hiyo W ni ya Wamalwa. Wamalwa ni jirani yetu wa shamba, mtu wa Bungoma, mkewe alifariki miaka kadhaa iliyopita, anafuga nyuki upande wa pili wa ua, na siku zote nilimchukulia kuwa mtu mpole. Nikampigia Phylis simu papo hapo.

“Sanduku ya Wamalwa inafanya nini juu ya mzinga yangu?”

“Inabeba asali yako,” akanijibu, hata hakushtuka. “Nilikuomba nikachoka. Nikaomba jirani.”

“Na nani alikusaidia kuiweka?”

“Wamalwa aliinua, mimi nikapanga fremu. Seleyian alishika bomba ya moshi.”

Seleyian ni mama anayetuuzia maziwa huko, boma lao liko karibu na shamba letu, na ni kweli ameniapia kwamba alikuwepo mwanzo mpaka mwisho yeye na binti zake wawili, lakini wewe mshauri unajua jinsi wanawake wanavyolindana. Na kitu kingine kilichoniuma ni kwamba siku hiyo Phylis alivaa ovaroli yangu.

Nilifanya kile ambacho mwanamume yeyote angefanya. Niliwasha bomba la moshi, nikalitoa lile sanduku, nikawapangusa nyuki mmoja mmoja mpaka wakarudi chini kwenye nyumba yao, nikaumwa mahali ambapo sitapataja kwenye gazeti, nalo sanduku lilikuwa zito ajabu, asali inachuruzika mpaka kwenye viatu, nikalibeba hivyo hivyo mpaka kwenye ua nikalirusha upande wa pili. Wamalwa alikuwa hapo anapalilia.

“Ndugu yangu Maundu, hii iko na asali ndani,” akasema. “Sasa unarusha asali?”

“Chukua sanduku yako, na macho yako yakae upande wako.”

“Sawa. Lakini hizo nyuki zitaenda wapi?”

“Zilikuwa hapo kabla yako!”

Hakujibu, aliokota sanduku lake, akalipangusa vumbi, akaliweka juu ya kibao karibu na mizinga yake akalifunika na bati, na huo ukimya wake ndio ulionithibitishia kwamba dhamiri inamsuta.

Haikupita hata wiki, Seleyian akanipigia simu nikiwa dukani, akanisalimia sopa kwa Kimaasai chao, akaniambia, “Baba Roy, nyuki zako zinahama. Zimepita juu ya boma yetu zikinguruma kama lori.” Nikafunga duka nikaenda. Mzinga wangu ulikuwa umebaki na nyuki wachache tu wanaozungukazunguka, na pembeni mwa masega kumening'inia vitu fulani kama maganda ya njugu karanga, vimekunjamana, ambavyo mimi sijawahi kuviona na ambavyo kwa kweli viliniogopesha. Na wale waliohama, mshauri, unafikiri waliingia wapi? Waliingia ndani ya lile sanduku lenye W. Waliacha nyumba ya rangi ya maziwa wakaenda kwenye mbao tupu.

Nilimpigia baba mdogo Katee, ndiye mkubwa aliyebaki kwa ukoo wetu, nikamweleza kila kitu. Akasema, “Nyuki hawakimbii bure, mwanangu. Mke akitoka nje ya boma, nyuki nao wanatoka. Hiyo tunaijua tangu zamani.” Nikaona kila kitu kimejipanga, sanduku, ovaroli, ukimya, na nyuki kumfuata yule mtu. Jioni nikamkalisha Phylis nikamwambia akiri tu, nitajaribu kumwelewa. Nilizungumza kwa muda mrefu na kwa heshima. Aliniangalia mpaka nikamaliza, kisha akauliza, “Umemaliza?” Nikasema nimemaliza. Akaingia chumbani, akatoka na begi, sasa yuko Rongai kwa dadake Evalyne na simu zangu hapokei.

Baba mdogo amepanga kwamba Jumamosi wazee wa pande zote mbili, wazazi wake wakiwemo, wakutane shambani, Phylis apige magoti kando ya mzinga aseme alichofanya, mzinga uchomwe moto na hivyo vitu vilivyomo, halafu achinjwe mbuzi wa kutakasa boma, na mbuzi mwenyewe atachaguliwa na baba mdogo.

Mimi nakuuliza, je, nyuki wangu naweza kuwapataje, nimpeleke Wamalwa kwa chifu ama nimngoje kwenye mkutano? Je, mtu anaweza kumsamehe mke wa namna hii? Nakuomba unijibu, maana silali. Nyumba imekuwa kubwa. Nakula mkate tu. TV bado iko pale juu ya masanduku na hata siiwashi.

Mimi ni Niliyeonewa, Kitengela.

*

Bwana Uliyeonewa,

Pole. Naitoa pole hiyo mapema kwa sababu huko mbele hutaipata kwa urahisi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko sawa. Mara ya pili sikucheka. Uliniomba nifiche jina lako, kisha ukanieleza kwamba limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu chini ya TV yako. Sasa nifiche nini? Nusu ya Kitengela wamelisoma wakingoja mpira uanze.

Tuanze na nyuki, kwa kuwa wao umewalilia zaidi ya mke wako. Mimi pia ni mtoto wa Ukambani, nyanya yangu aliolewa Kibwezi kwa mfuga nyuki, na asali niliijua kabla ya sukari. Kwa hivyo usinitishe na babu yako. Babu yako angekuwa hai angekuchapa na tawi la mgunga, miiba ikiwemo.

Wakati wa kiangazi nyuki wanaleta kidogo na wanakula hicho hicho kidogo. Hawakuwa wavivu, walikuwa na njaa, kama wale ng'ombe uliowaona mifupa lakini hukuwaita wavivu. Mvua ikinyesha na migunga ikachanua, mambo yanageuka. Kundi lenye nguvu linaweza kujaza sanduku zima kwa wiki moja. Wiki, Profesa. Tena wanachokileta kikiwa kibichi ni maji maji tu, wanahitaji nafasi ya kukitandaza kikauke kiwe asali, jinsi wewe unavyohitaji uwanja wa kuanika mahindi. Nafasi ikiisha juu, wanajaza chini, mpaka malkia anakosa pa kutaga. Hapo wanaanza kufunga mizigo. Hayo maganda ya njugu yaliyokuogopesha ni vyumba vya malkia wapya. Kundi likitaka kugawanyika, huwaachia wanaobaki malkia wa kulea, kisha malkia mkuu anaondoka na wenzake. Si uchawi wala si laana, ni msongamano. Nawe ulipima kasi ya nyuki mwaka wa njaa, ukawatungia sheria ya mwaka wa shibe, ukaenda ukaifundisha kwa watu. Nawaonea huruma wanafunzi wako. Wote wana masanduku chini ya TV saa hii.

Unaishi Kitengela, mji ambao mwenye ploti anaongeza ghorofa ya nne kabla rangi ya ghorofa ya tatu haijakauka, na saruji ya kuiongeza anainunua kwako. Kila siku unauzia watu nondo za kuongezea nyumba. Lakini mke wako alipokwambia ongeza chumba, ukauliza kama nyuki ni wapangaji. Ndiyo, ni wapangaji. Tena wanalipa kuliko wapangaji wengi ninaowajua, na wanalipa kwa asali.

Phylis akafanya ulichokataa kufanya. Aliazima sanduku, akaliweka, na nyuki wakatulia wakaendelea na kazi. Lile sanduku la mbao tupu ndilo lililokuwa limewazuia wasihame. Wewe ukaja na simu ya kurekodi video, ukaona herufi moja, ukabomoa ghorofa watu wakiwa ndani. Ukawarudisha wote chini kwenye chumba kilichokwisha kujaa. Kisha ukashangaa wamehama! Na unauliza kwa nini walienda kwa Wamalwa. Nyuki akitafuta nyumba huenda mahali panaponukia nta. Nta iliyokuwa mle walikuwa wameijenga wao wenyewe, na asali ilikuwa yao. Hawakumfuata Wamalwa. Walifuata nyumba yao, na aliyeirusha upande wa pili wa ua ni wewe.

Sasa tuje kwa huo uzinzi. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi na nimeandikiwa uzinzi wa kila aina, wa ofisini, wa kwaya, wa chama cha akina mama. Huu wako ndio wa kwanza kutendeka mchana, uwanjani, mwanamke akiwa ndani ya ovaroli kubwa kuliko yeye, glavu mikononi, gambuti miguuni, wavu usoni, na mwanamume akiwa amebeba sanduku linalomvunja kiuno, nyuki wakali juu ya vichwa vyao, Seleyian anapuliza moshi na binti zake wawili wanatazama. Kama hayo ndiyo mapenzi, Bwana Maundu, waachie tu, wameyatolea jasho. Na kama ovaroli ilikuuma sana, ungeivaa wewe.

Kuhusu baba mdogo Katee. Ni kweli wazee wetu walisema nyuki hawapendi nyumba yenye mambo. Nyanya yangu alinifundisha hivyo hivyo. Lakini alivyonifundisha yeye, mwiko ulianza na mwenye mzinga, mwanamume, kwamba akiwa na kelele na kiburi ndani ya boma nyuki watamkimbia. Mkewe alifuata baadaye. Baba mdogo wako amekumbuka ile nusu inayochinjiwa mbuzi. Na mbuzi atamchagua mwenyewe! Muulize, mbuzi akishaliwa, mguu unaenda kwa nani?

Na huo mkutano wenu mmeupanga kwa akili gani? Mzinga bado una nyuki. Wachache kwako, lakini wanalinda malkia ambao hawajazaliwa, na mzinga wa namna hiyo hausogelewi hovyo. Mnataka kupigisha watu magoti kando yake na kuwasha moto. Hao wazee wa pande mbili watapata hukumu kabla hawajafungua kikao kwa maombi, na wengi wao hawawezi kukimbia.

Nimekucheka vya kutosha. Sasa nisikilize.

Mke wako alikwenda kwenye shamba lenu kila Jumamosi, jua na vumbi, wewe ukachukua jina la Profesa. Alikuomba kwa upole mara ngapi wewe mwenyewe umeandika, na mara ya kwanza ukamfanya kichekesho mbele ya wanaume. Hakukasirika. Alitafuta njia. Hata ulipompigia simu ukiwa umewaka, alikujibu kwamba sanduku linabeba asali yako. Hakusema yake wala yenu, alisema yako. Na wewe ukamlipa kwa kumwitia wazee aje akiri dhambi mbele ya wazazi wake. Hilo, ndugu yangu, ni jambo baya sana, na limenikasirisha zaidi ya nyuki wote wa Kajiado. Mwanamke akishakusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama umemaliza, mara nyingi ni yeye aliyemaliza. Usijidanganye kwamba amenuna tu.

Leo, si kesho, mpigie baba mdogo simu umwambie Jumamosi hakuna mkutano. Atakuuliza mbuzi. Mwambie mbuzi anaendelea vizuri. Kisha wapigie wazazi wa Phylis wewe mwenyewe, usimtume mtu, uwaambie ulimsemea binti yao uongo na umegundua. Usiseme palikuwa na kutoelewana. Sema uongo.

Ukimaliza hapo, itoe TV. Iweke sakafuni, haitakufa. Beba masanduku yako yote uende shambani. Moja lipeleke kwa Wamalwa, umpe na umwombe msamaha kwa mdomo, ukiwa umesimama upande wake wa ua. Umwombe pia kwa ajili ya marehemu mkewe, maana umemchafulia kumbukumbu yake. Wale nyuki walio kwake waache. Kwa mila zetu nyuki waliohama hawana mwenyewe mpaka wakae, na wamekaa. Ukienda kwa chifu utamfanya chifu naye acheke, na chifu ana kazi nyingi. Pitia pia kwa Seleyian. Umemwita mwongo mbele ya gazeti zima, na anakuuzia maziwa.

Kwenye mzinga wako ongeza sanduku moja, ufunge, uondoke. Yale maganda usiyaguse. Usiyakate, usiyachome, usiyarekodi video.

Halafu nenda Rongai. Nenda peke yako, bila baba mdogo, bila mzee wa kanisa, na usinunue mtungi wa asali ya dukani njiani ukidhani ni busara. Evalyne akikufungulia mlango atakuambia maneno. Yameze. Ukimwona Phylis, usimwambie umemsamehe, maana naona kwenye barua yako neno hilo tayari liko ulimini. Mwambie migunga ilikuwa imechanua kweli, na ulisikia, na hukutaka kuonekana umeambiwa na mke wako. Ukweli wote ni huo, na wewe unaujua. Akitaka muda, mpe. Akikataa kurudi, utarudi Kitengela na mkate wako, na hapatakuwa na wa kumlaumu.

Uliniuliza kama mtu anaweza kumsamehe mke wa namna hii. Barua yako yote ina mstari mmoja tu ambamo nilimsikia mume, pale uliposema TV huiwashi. Nenda Rongai na huyo aliyeuandika mstari huo, Profesa umwache nyumbani.

Nyuki waliobaki kwenye mzinga wako, ukiwaachia yale maganda, watajilelea malkia mwingine, na baada ya muda mzinga utajaa tena kama hakuna kilichotokea. Wao yule aliyeondoka aliwaachia pa kuanzia. Wewe, Maundu, uliachiwa TV.

Zipporah